Gari limechezewa mtandao wake wa ndani? Dalili, vyanzo na namna ya kuthibitisha

Gari likifika gereji limewasha nusu ya taa za dashibodi, mkono wa fundi hukimbilia kitufe cha kufuta. Usikiguse bado. Misimbo ya hitilafu, pamoja na kilomita na muda vilivyorekodiwa nayo, ndiyo itakayokueleza kama waya umekatika wenyewe, kama aliyefunga traka alifanya kazi ovyo, au kama kuna mtu ameingia kwenye mtandao wa gari kwa makusudi. Mambo haya matatu hufanana mno kwa dalili. Soma moduli zote, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha sehemu za gari, si ya injini peke yake, piga picha kila ukurasa wa mashine ya kusomea misimbo, ndipo uendelee.

Mtandao tunaouzungumzia hapa ni CAN, ambao Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986 na ambao leo upo karibu katika kila gari linaloingia barabarani. Ni nyaya mbili zilizosokotwa, CAN-H na CAN-L. Zikitulia, zote mbili hukaa karibu na volti 2.5. Moduli ikituma biti ya 0, CAN-H hupanda hadi karibu 3.5 na CAN-L hushuka hadi karibu 1.5. Ujumbe hauna jina la aliyeutuma. Una namba tu inayoeleza unahusu nini, na namba ndogo hupita kwanza pale wawili wanapoanza kusema kwa pamoja. Moduli inayosikiliza haina namna ya kujua kama maneno "kasi ni 60" yametoka ABS, moduli ya breki, au yametoka kwenye kisanduku kilichofichwa nyuma ya redio. Watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na California San Diego walilionyesha hilo hadharani mwaka 2010, na mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye Jeep Cherokee kwa mbali, jambo lililomlazimu mtengenezaji kuyaita magari milioni 1.4 yarekebishwe.

Kwa sababu hiyo usitafute ujumbe wenye alama ya mwizi, haupo. Tafuta mashahidi wawili wanaopingana. Ni rahisi kuidanganya dashibodi. Kuidanganya dashibodi, ABS, kompyuta ya injini, multimita na simu yenye GPS kwa wakati mmoja ni kazi nyingine kabisa, na wengi wanaochezea magari hawafiki huko.

Anza na multimita, hata kama una mashine ya gharama

Ondoa kichwa cha hasi cha betri, subiri dakika chache, kisha pima ukinzani kati ya pini 6 na pini 14 za soketi ya OBD, ile inayochomekwa mashine ya kusomea misimbo. Kila mwisho wa mtandao una kinzani cha omu 120, na viwili hivyo vikiwa sambamba hutoa omu 60. Ukipata 120, mwisho mmoja umepotea: waya umekatika au moduli yenye kinzani imechomolewa. Ukipata namba iliyo karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana.

Ukipata karibu 40, simama hapo hapo. Omu 40 maana yake ni vinzani vitatu vya 120 vilivyo sambamba, na kiwanda hakikufunga cha tatu. Kuna kifaa kimeunganishwa kwenye mtandao na aliyekifunga hakuondoa kinzani chake. Mara nyingi ni traka, alamu au kisanduku cha redio. Hata hivyo lazima kipatikane na kijulikane ni cha nani.

Rudisha betri, washa swichi, kisha pima volti ya kila pini dhidi ya bodi. Multimita huonyesha wastani tu, kwa hiyo tegemea CAN-H iwe juu kidogo ya 2.5 na CAN-L iwe chini kidogo, na jumla yake ikaribie 5.

Tahadhari moja ambayo huwapoteza mafundi wengi: magari mengi ya karibuni yana moduli ya lango inayotenganisha soketi ya OBD na matawi ya ndani. Pini 6 na 14 zinaweza kusoma 60 safi kabisa huku tawi la taa za mbele au la milango likiwa na mgeni. Tafuta mchoro wa umeme wa gari husika, hesabu matawi, na pima kila tawi mahali pake. Pia kumbuka kwamba kifaa kilichofungwa na mjuzi hakina kinzani, hivyo 60 haikuhakikishii usalama. Inakuambia tu kwamba njia ya umeme haijavunjika.

Misimbo ya U imejaa kila moduli

U0100 inasema mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea, U0101 ya gia, U0121 ya ABS, U0140 na moduli ya bodi, ile ya milango na taa. U0073 inasema mtandao wenyewe ulizimika. Usizisome moja moja. Chora nani anamlalamikia nani.

Wote wakimlalamikia mmoja, mwenye shida ni huyo mmoja: angalia fyuzi yake, waya wake wa bodi, plagi yake, na maji. Mara nyingi hapa hakuna mchezo wowote. Wakipotea wanaokaa tawi moja, tafuta waya uliokatika au maungio yaliyooza kwenye tawi hilo. Wote wakilalamikiana kwa wakati mmoja, kisha kila kitu kikarudi kuwa kizima, una vyanzo vitatu vya kuchuja.

Kinachoongoza kwa mbali ni betri dhaifu. Pima volti wakati wa kupiga stata. Ikishuka hadi 9 au chini yake, moduli huzimika ovyo na kila moja humlaumu jirani. Muulize mwenye gari kama liliwahi kuwashwa kwa betri ya gari lingine. Cha pili ni waya uliochubuka unaogusa bodi gari linapotikisika. Misimbo ya namna hii hurudi kwenye mashimo na kwenye matuta, na ukiushika mkusanyiko wa nyaya na kuutikisa huku multimita ikiwa imeunganishwa, namba itaruka.

Cha tatu ni mtandao uliozibwa kwa makusudi. Kila moduli ina kihesabu cha makosa ya kutuma: ikishindwa hupanda 8, ikifaulu hushuka 1, na ikipita 255 moduli hujitoa yenyewe. Mtu anayeweza kuharibu jumbe za moduli kwa kurudia anaweza kuinyamazisha bila kugusa waya wake hata mmoja. Kyong-Tak Cho na Kang Shin wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza namna hiyo mwaka 2016. Kinachotofautisha chanzo hiki na betri ni muda. Misimbo iliyoandikwa usiku gari likiwa limefungwa, betri ikiwa nzima, na mwenyewe akiwa amelala, haielezeki kwa stata wala kwa mashimo.

Taa ya mbele imelegea, bampa limevutwa, plastiki ya madigadi haina klipu

Dalili hii mwenye gari huiona kama uharibifu wa vijana wa mtaani au jaribio la kuiba taa. Inastahili uzito kuliko zote.

Aprili 2022 huko London, mtafiti wa usalama wa magari, Ian Tabor, alikuta bampa la mbele la Toyota RAV4 yake limevutwa na plagi ya taa imechomolewa. Miezi michache baadaye, Julai, gari likaibwa. Alipokagua kumbukumbu ambazo gari lilikuwa limezituma kwenye mfumo wa mtengenezaji, alikuta misimbo mingi ya mawasiliano kupotea iliyoandikwa karibu na wakati wa wizi. Yeye na Ken Tindell, mtaalamu wa CAN, walichunguza kifaa cha aina iliyotumika: kwa nje ni spika ya Bluetooth ya JBL, ndani yake kuna saketi ya CAN iliyopandikizwa. Tindell alichapisha maelezo kamili Aprili 2023.

Inafanya kazi hivi. Taa za kisasa za LED zina kompyuta yao, na kompyuta hiyo imeunganishwa na CAN. Kwa hiyo nyaya mbili za mtandao zinafika hadi pembe ya gari, mahali ambapo mtu anaweza kuzifikia bila kufungua mlango wala boneti. Ufunguo wa kisasa huthibitishwa kwa hesabu za siri ngumu kuvunja. Lakini baada ya uthibitisho, jibu "ufunguo ni sahihi" husafiri kwenye CAN kama ujumbe wa kawaida. Mwizi hahangaiki na ufunguo. Anachomoa plagi ya taa, anaunganisha kifaa, na kifaa kinarudia ujumbe huo wa uongo huku saketi yake ya ziada ikizishika nyaya kwa nguvu ili moduli nyingine zisiweze kuupinga. Kizuia wizi kinaachia, milango inafunguka, gari linawaka.

Kule kuzishika nyaya kwa nguvu ndiko kunakoacha alama. Moduli zinashindwa kuongea kwa muda huo, na kila moja inaandika kwamba wenzake wamepotea. Kwa hiyo gari lililojaribiwa bila kufanikiwa, na ambalo bado liko mikononi mwako, hueleza yaliyotokea ikiwa hujafuta.

Kagua hivi: toa plastiki ya ndani ya madigadi pande zote mbili na linganisha klipu. Angalia kama plagi ya taa ina mikwaruzo mipya kwenye kifungo chake. Pitisha kidole kwenye nyaya mbili zilizosokotwa. Utafute tundu dogo la sindano kwenye ganda la waya, au sehemu iliyonyooshwa na haikusokotwa tena. Kiwanda hufunga nyaya zake kwa utepe wa kitambaa. Utepe mweusi wa plastiki unaong'aa, au klipu ya kubana waya kwa meno, ni kazi ya mtu mwingine. Ukikuta alama hizi pamoja na misimbo ya mawasiliano ya usiku, mwambie mwenye gari kwamba kuna aliyefika hapo kwa lengo la kuondoka na gari, na kwamba anaweza kurudi. Alihamishe mahali pa kuegesha, afunge usukani kwa kufuli ya chuma, na aripoti polisi akiwa na picha. Kufuli ya usukani haijali ujumbe wa CAN.

Betri inakufa gari likikaa siku mbili

Gari likifungwa, moduli hulala na mkondo hushuka, kwa kawaida chini ya miliampia 50. Baadhi huchukua nusu saa kufika hapo, hivyo subira inahitajika. Funga milango, funga kitasa cha boneti kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, kisha pima CAN-H. Katika magari mengi, mtandao uliolala hushuka karibu na volti sifuri. Ukikaa kwenye 2.5 saa moja baadaye, kuna anayeuamsha.

Usichomoe fyuzi kumtafuta. Kuirudisha huamsha moduli na utaanza kusubiri upya. Pima volti ndogo juu ya migongo miwili ya kila fyuzi: yenye mkondo itakuonyesha milivolti kadhaa. Fuata waya wa fyuzi hiyo.

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na tangu yafike bandarini yamepitia mikono mingi: redio ya Kichina yenye kisanduku cha CAN, alamu, kamera, traka ya benki iliyotoa mkopo, traka ya mwenye gari wa zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Mara nyingi mgeni anayeua betri ni mmoja wa hawa. Hilo lisikufanye ulipuuze. Traka yenye laini ya simu iliyounganishwa moja kwa moja na CAN ni mlango wa mbali, na mwenye gari ana haki ya kujua nani anaushika. Traka inayosoma kwa kibanio kinachokaa juu ya ganda la waya bila kulitoboa ni afadhali, maana inasikia tu.

Kilomita hazikubaliani na gari

Usukani umeng'aa kwa kushikwa, pedali imelika, dashibodi inasema kilomita 62,000. Jicho linatilia shaka. Sasa thibitisha kwa namba.

Kwenye takwimu za kawaida za OBD kuna namba 31, umbali uliotembewa tangu misimbo ifutwe. Hutoka kwenye kompyuta ya injini, na wanaorudisha kilomita nyuma huisahau. Namba hiyo ikisema 64,000 wakati odometa inasema 62,000, mjadala umekwisha, kwa kuwa gari haliwezi kutembea tangu kufutwa kwa misimbo umbali mkubwa kuliko lilivyotembea maishani. Ikiwa ndogo haikuthibitishii lolote, kwa sababu inafutika. Soma pia kilomita zilizohifadhiwa kwenye ABS, gia na moduli ya bodi kama mashine yako inazifikia, na saa za injini. Kilomita 62,000 kwa saa 5,000 ni wastani wa kilomita 12 kwa saa. Gari hilo liwe limeishi kwenye foleni tu. Kwa gari la Japani, linganisha na kilomita zilizo kwenye cheti cha kufutiwa usajili na kwenye karatasi ya mnada.

Kuna mchezo mwingine ambao haurudishi chochote: kisanduku kidogo kinachochomekwa kati ya plagi ya dashibodi na nyaya zake, kikipitisha jumbe zote isipokuwa zile zinazosogeza odometa. Mshale wa kasi unafanya kazi kama kawaida. Kukipata ni rahisi: andika odometa na namba 31, endesha kilomita 20 kwa GPS ya simu, andika tena. Namba 31 imeongezeka 20 na odometa imeongezeka 3? Vua dashibodi uangalie nyuma yake.

Lori halinywi AdBlue

AdBlue ni kimiminika kinachopunguza sumu kwenye moshi wa dizeli. Kwenye malori mtandao huwa J1939, yaani CAN ya magari makubwa, na kwenye plagi ya mviringo ya pini tisa CAN-H iko pini C na CAN-L iko pini D. Kisanduku cha kuigiza AdBlue huzima pampu halisi na kutuma jumbe za uongo kwamba mfumo ni mzima. Lori lisilo na hitilafu hutumia takriban lita 3 hadi 6 za AdBlue kwa kila lita 100 za dizeli. Lori lenye kisanduku halitumii hata tone, na geji imeganda. Ushahidi wa uhakika zaidi ni huu: jumbe za kawaida za moduli ya AdBlue zinaonekana kwenye mtandao, lakini ukiiuliza moduli yenyewe kwa mashine, haijibu. Kisanduku kimefundishwa kusema, hakikufundishwa kujibu maswali.

Vipimo vyote ni safi lakini gari linafanya mambo yake

Sasa ni lazima usikilize mtandao wenyewe. Unahitaji kiunganishi cha USB cha CAN na kompyuta yenye Linux. Programu za can-utils ni za bure. Washa kiunganishi katika hali ya kusikiliza tu:

ip link set can0 up type can bitrate 500000 listen-only on

Sehemu hiyo ya mwisho si pambo. Kiunganishi kilichowekwa kasi isiyo sahihi bila hali ya kusikiliza tu hutuma ishara za makosa na kuuvuruga mtandao, na hapo wewe ndiye utakuwa umeuchezea. Usitume ujumbe wowote kwenye gari lililo barabarani.

Rekodi kwa candump, mojawapo ya programu hizo: dakika moja swichi ikiwa imewashwa bila injini, dakika tano injini ikiwaka, na safari fupi. Kisha tazama muda. Jumbe nyingi za gari hurudi kwa vipindi thabiti, milisekunde 10, 20, 100. Moduli halisi hainyamazi pale mwongo anapoanza kusema, hivyo ujumbe wa kila milisekunde 20 uliokuwa ukija mara 50 kwa sekunde utakuja mara 100, na thamani zitapishana: 0, 62, 0, 62. Angalia pia baiti ya kuhesabu ambayo magari mengi huiweka ndani ya ujumbe. Ikirudia namba au ikiruka, kuna wasemaji wawili. Namba ya utambulisho ambayo haipo kwenye gari lingine la modeli na mwaka ule ule nayo idai maelezo, ingawa mara nyingi ni redio.

Linganisha na gari zima la aina hiyo hiyo kila unapoweza. Rekodi ya gari zima iliyohifadhiwa mapema ina thamani kuliko mashine yoyote utakayonunua, na kampuni yenye magari mengi ingefanya vyema kuichukua siku gari linapopokelewa.

Gumu zaidi ni pale moduli halisi imenyamazishwa na mwongo ameshika nafasi yake kwa vipindi vile vile. Hapo hesabu ya jumbe ni sahihi. Kinachobaki ni saa: kila kristali inayoendesha saa ya moduli huwahi au huchelewa kwa kiasi chake kidogo, na Cho na Shin walionyesha kwamba mchepuko huo unatosha kumtambua msemaji. Osiloskopu, mashine inayochora umbo la volti, nayo husaidia, kwa kuwa kila saketi ina kimo chake cha volti. Usidanganywe na biti ya kupokea karibu na mwisho wa ujumbe: hapo moduli nyingi huvuta kwa pamoja na volti hupanda hata kwenye gari zima.

Ukishakipata kifaa

Usikikate. Piga picha kilipo, nyaya zake zinakoingia na rangi zake, kabla hujakigusa. Muulize mwenye gari kwa upole kama anakijua, kwa kuwa huenda ni traka ya bima yake, na kuiondoa bila idhini kunaweza kumletea matatizo. Asipokitambua, na hasa kama kuna wizi au mauziano yenye udanganyifu, kiache mahali pake hadi polisi au mkaguzi akione.

Ukipata ruhusa ya kukiondoa, rudisha waya kama ulivyokuwa: solda, ganda la kunywea kwa joto, na usokotaji ule ule hadi karibu na maungio, kwa sababu waya ulionyooka hukaribisha kelele na utaletewa gari lile lile kwa misimbo ile ile. Pima omu 60 upya kwenye tawi hilo. Futa misimbo sasa, baada ya kuwa na nakala yake. Rekodi mtandao ukiwa safi na mpe mwenye gari faili, kisha aliendeshe wiki nzima na alirudishe lisomwe moduli zote tena. Ikirudi U0073 huku betri na nyaya ni nzima, tafuta kifaa cha pili.